Tembe za Chafya na Hasira ya Mkamburi

Kama umepiga chafya tangu asubuhi, na hapo mkononi umeshika tembe ya pili wakati ile ya kwanza haijatulia tumboni, iweke chini kwanza unisikilize. Mimi si daktari na sitaki kujifanya daktari. Ni mama wa mitumba hapa Voi, na nimeanguka mara tatu nikawa kama maiti kwa sababu ya tembe za chafya, ambazo hata siku moja sikuwahi kuziita dawa. Sasa nimepona. Moyo unapiga unavyotakiwa kupiga. Lakini kinyaa hakijaniisha. Nina kinyaa na pua yangu mwenyewe, na kemisti, na benchi za hospitali, na ukoo wetu mzima ukiondoa mtu mmoja. Anayetafuta simulizi ya kupanguswa machozi aende kwingine, wako wanaoandika hizo vizuri kuliko mimi.

Nianze na pua, kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Watu huiona nguo ya mtumba ikiwa imeshafuliwa, imepigwa pasi na kutundikwa. Hawajasimama juu ya robota linapofunguliwa. Ukizikata zile kamba, nguo zinafura na kutoa pumzi, na hiyo pumzi ina dawa ya wadudu, jasho la watu wa mbali, manukato yaliyochacha na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Nimewahi kutoa mfukoni mwa suruali kitambaa kilichoganda kwa kamasi. Nimekuta soksi yenye ukucha mzima ndani. Juu ya hayo weka vumbi jekundu la Voi na upepo wake, na utaelewa kwa nini kila nilipofungua robota macho yalivimba, koo likawasha mpaka ndani ya masikio, na pua ikamwagika bila adabu. Nilikuwa napiga chafya huku nimebana mapaja. Wanawake waliozaa wananielewa.

Kemisti ya karibu na soko ina mama mwenye wigi za kupendeza, anayemwita kila mtu mrembo. Alinipa tembe za kwanza, zikanisaidia mwaka mmoja hivi, kisha zikachoka. Akanipa nyingine. "Hizi ndizo zenyewe, mrembo," akasema, akizisukumia ndani ya kibahasha. Zilikuwa zenyewe kweli. Pua ilikauka kama mfereji uliofungwa. Juu ya kibahasha aliandika moja kwa siku, lakini siku ya robota nilimeza mbili, na chafya zikikaidi niliongeza. Niliporudi kununua nyingine mapema kuliko inavyostahili, mama wa wigi hakuinua hata jicho.

Halafu nikapata choa. Nasema wazi kwa sababu wengi wenu mnacho na mmenyamaza. Kilianza chini ya titi, duara jekundu lenye ukingo wa magamba, kikashuka kiunoni, kikawasha mpaka nikawa najikuna kwa kitana. Nilipovua nguo, mume wangu Mwadime aliangalia ukuta. Nikarudi kwa mama wa wigi, naye akanipa tembe za choa za kumeza wiki kadhaa, juu ya zile za chafya. Hakuniuliza nameza nini kingine, na angeuliza ningemjibu sinywi dawa yoyote, tena bila kudanganya. Kwetu dawa ni ya presha, ya sukari, ya malaria, ya ule ugonjwa wa kunong'onezwa. Mtu anayemeza tembe za chafya hanywi dawa. Anazuia pua tu.

Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa mvua za vuli, na robota lilikuwa la sidiria. Nilikuwa nimeinama nikizichambua, za daraja la kwanza huku, za daraja la pili kule, mara moyo ukaruka. Ulisimama, ukajigeuza, halafu ukaanza kukurupuka ovyo kama kuku aliyechinjwa. Nikahisi baridi midomoni. Kelele za soko zikaenda mbali. Nilipozinduka nilikuwa kifudifudi ndani ya lile robota, mdomo wazi, ulimi umegusa sidiria ya mtu nisiyemjua, na nilikuwa nimejikojolea. Jirani yangu wa kibanda alikuwa ananipepea kwa sidiria nyingine. Mteja aliyekuwa ameshachagua yake alikuwa bado amesimama pale pale.

"Sasa hii ni ngapi?" akauliza. "Mimi niko na haraka."

Hospitalini nilisubiri na gauni langu lenye maji. Benchi lilikuwa limebandikwa chingamu zilizotafunwa, upande wa chini, pale vidole vinapojishikia. Mzee aliyekaa kulia alikuwa anamenya mayai ya kuchemsha na kudondosha maganda juu ya kiatu changu. Kushoto, bibi mmoja alisinzia akaniegemea, udenda wake ukapita begani kwangu mpaka kwenye kwapa. Nilitamani kulia, lakini nilikuwa nimechukia sana kiasi cha kutoweza. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameleta mtoto mwenye homa alinitazama, akafungua leso aliyokuwa amejifunga, akanifunga mimi kiunoni, akarudi kwenye foleni yake. Sikumwona tena. Hiyo leso ninayo, na kila nikiifua namkumbuka.

Daktari alikuwa kijana aliyechoka. Alinibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yake, na moyo, kwa unafiki wake, ukawa unapiga kama wa mtoto wa shule.

"Kuna dawa yoyote unatumia, mama?"

"Hakuna."

"Basi ni stresi. Na hii miaka yenu pia, mwili unabadilika. Upunguze mawazo."

Alinipa za maumivu, ingawa sikuwa nimemwambia naumwa. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu wa mawazo. Kwa miezi iliyofuata, moyo ulikuwa unanidunda ovyo siku nyingine na kutulia siku nyingine. Vidole vilikufa ganzi. Nilikonda mashavu, nikaogopa kuoga mlango ukiwa umefungwa. Mwadime ni mwalimu wa shule ya msingi na amezoea kila swali liwe na jibu. Hili halikuwa na jibu, akawa mkali kwa mambo madogo. Aligombana na mimi kuhusu chumvi, kuhusu simu, kuhusu mlango wa bafu. Nami nilimjibu vibaya. Tulikuwa tunaogopa wote wawili na hakuna aliyetaka kuanza kusema.

Hapo ndipo Shangazi Wawuda, dada ya marehemu baba, aliposhuka kutoka kwetu milimani, Mbololo, kuja kuniona. Aliketi, akanywa chai, akauliza ni nini hasa kinachouma. Nikasema ni moyo. Akaweka kikombe chini.

"Moyo?" akasema. "Basi huko hospitali mtazunguka mpaka mchoke. Wakesho, kuna mtu wa nyumba yenu amekufungia hasira."

Kwa wasiotoka kwetu, lazima nieleze. Wazee wa Kidawida, yaani Wataita, waliamini kwamba hasira anayoificha ndugu yako moyoni inaweza kukuugulisha wewe, hata kama yeye hajakutakia mabaya. Tiba yake ni kutasa. Mwenye hasira hujaza mdomo maji au juisi ya miwa, huipuliza itawanyike, na hutamka kwamba kama moyo wake ulificha kitu basi kitu hicho kimetoka, na mgonjwa awe mzima. Sisi ni watu wa kanisa. Shangazi mwenyewe ni mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Mwadime alipomuuliza kwamba mchungaji atasema nini, Shangazi hakusita hata kidogo. "Kwani Yesu hakutumia mate?" akasema.

Wala hakuna aliyeuliza hasira ni ya nani. Kila mtu alijua. Dada yangu mkubwa, Mkamburi, aliachana na mumewe miaka mingi iliyopita na anaishi kwenye boma la wazazi wetu kule Mbololo, analima na kufuga. Mama alipofariki, Mkamburi alimjengea kaburi la vigae vyeupe vyenye maua ya buluu. Siku ya ukumbusho nilisema, na watu wakasikia, kwamba mama yetu amelazwa bafuni. Vigae ni vibaya na nitasema hivyo mpaka nizikwe. Lakini tangu siku hiyo mimi na Mkamburi tulisalimiana tu, na salamu zenyewe zilikuwa za kulazimishwa.

Tulipanda Mbololo kwenye kile kiangazi kinachofuata vuli, watu wakiwa wanapukuchua mahindi. Boma la Mkamburi ni ng'ombe, maganda ya mahindi, moshi wa kuni na paka wanaolala popote. Pua yangu ilikuwa inalijua tangu barabarani. Kwa hiyo nilifanya nilivyofanya kila mara nilipokwenda kwake: nilisimama getini, nikatoa kibahasha, nikameza mbili na maji ya chupa. Mkamburi alikuwa mlangoni akinitazama.

Wazee wa ukoo walinikalisha kwenye kigoda. Shangazi akampa kikombe cha juisi ya miwa. Mkamburi akajaza mdomo, akasimama mbele yangu, akapuliza. Sijui nani aliwaambia watu kwamba mila ni kitu kitamu. Ilikuwa vuguvugu. Ilinipata machoni, puani, kwenye midomo niliyochelewa kuifunga, na ndani yake kulikuwa na nyuzi za miwa na kitu laini nilichokitambua baadaye kuwa ni kipande cha muhogo. Akasema maneno yake kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Wakapiga makofi. Tukala kimanga, ule mseto wetu wa muhogo na maharagwe, nikaambiwa nisijipanguse.

Nilipoinuka kuaga, moyo ukaruka, nikaanguka miguuni mwa dada yangu.

Nilipozinduka, hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Wote walikuwa wanamtazama Mkamburi. "Hakutoa yote," Shangazi akasema taratibu. "Ameificha nyingine." Na kweli, ukitazama kwa macho yao, kulikuwa na shaka gani? Mtu anatasa kinafiki, na mgonjwa anaanguka papo hapo.

Kuanzia hapo ugonjwa haukuwa wangu peke yangu. Kanisani akina mama waliacha nafasi kwenye kiti alichokaa Mkamburi. Jirani aliyekuwa akinunua maziwa yake akaanza kununua kwingine. Wazee wakasema boma ni la baba, na mtu anayemuua nduguye kwa hasira hawezi kulala karibu na makaburi ya wazazi. Walimpa nafasi moja zaidi, baada ya masika. Akitasa tena na mimi nikaanguka tena, ahame. Aende wapi? Hana mume, hana shamba lingine, na umri wa kuanza upya umempita. Mimi sikumpenda sana wakati ule, lakini sikutaka afunge vyungu vyake aondoke. Nilikuwa tayari kutemewa na ukoo mzima kama ingesaidia.

Masika yakaja na kuvundisha kila kitu. Nguo kibandani zikaota ukungu, choa kilichokuwa kimefifia kikarudi na nduguze, na mama wa wigi akaniuzia tembe zake upya. Pua nayo haikunipa likizo. Nilimeza za chafya na za choa bila kupumzika. Moyo ukawa unadunda na kuacha karibu kila siku, nami nikawa nauambia vumilia, siku ya Mkamburi inakuja.

Ilikuja wakati wa baridi, ukungu umeikalia Mbololo mpaka miti haionekani. Walikuwepo wazee, akina mama wa kanisa, majirani waliokuja kuona mwisho. Getini nilimeza tatu, maana sikutaka kupiga chafya katikati ya shughuli na watu waseme nimeikataa baraka. Mkamburi alikuwa pale pale mlangoni. Safari hii alikuwa amevaa vizuri, kitambaa cheupe kichwani.

Akajaza mdomo. Akapuliza. Akafungua kinywa aseme maneno yake, na hata hayakutoka yote.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Mwadime anasema midomo yangu ilikuwa ya rangi ya majivu na macho yamegeuka juu. Anasema watu walirudi nyuma, na kuna mama aliyeanza kuimba wimbo wa mazishi. Mtu wa kwanza kunishika alikuwa Mkamburi. Alimfokea jirani mwenye pikapu ya nyanya mpaka akawasha gari, wakanipakia juu ya makreti matupu yenye maji ya nyanya zilizooza, na kichwa changu kikawa mapajani pake mpaka Voi. Nilizinduka njiani, nikazimia, nikazinduka. Ninachokumbuka mimi ni harufu ya nyanya zilizochacha, na mkono wake ukinipangusa uso kwa pindo la sketi, akifuta mate aliyonitemea yeye mwenyewe.

Hospitalini hatukusubiri. Safari hii moyo haukupata nafasi ya kujifanya mwema, mashine iliukuta katikati ya fujo zake. Daktari wa zamu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alitazama ile karatasi ikitoka, akamgeukia Mwadime.

"Anatumia dawa gani?"

"Hakuna, daktari," akasema mume wangu. "Hata ya presha hana."

"Mwongo!" akasema Mkamburi.

Nililisikia hilo neno kama mtu aliye ndani ya pipa. Nadhani kila aliyekuwa kwenye chumba kile alilisikia.

"Anameza tembe," akasema. "Kila akija kwangu anameza pale getini, hata salamu hajatoa. Anasimama nimuone. Kwamba nyumba yangu inanuka, ng'ombe zangu zinanuka, na mimi nanuka. Leo amemeza tatu. Ile siku ingine zilikuwa mbili. Nimezihesabu kwa sababu nilikuwa na hasira. Fungua mkoba wake uone."

Daktari akafungua mkoba. Akatoa vibahasha viwili, akamimina tembe kwenye kiganja, akazigeuza kwa kidole. Akauliza ni nani aliyempa mtu huyu vitu hivi viwili pamoja, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaanza kuita wauguzi.

Baadaye alinieleza kwa maneno machache, na hayo machache yananitosha. Zile tembe za choa zilikuwa zinazuia zile za chafya zisitoke mwilini. Mimi nikawa naongeza nyingine juu yake. Zikajaa, zikauvuruga moyo mpangilio wake. Ningeendelea hivyo siku chache zaidi, alisema, leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine na watu wengine. Tembe zote zikazuiwa. Nikatundikiwa dripu, nikabandikwa vile vibandiko kifuani, na kimoja kikakaa juu ya choa chenyewe, kikawa kila kikibadilishwa kinaondoka na ngozi.

Wodi sitaielezea yote. Kulikuwa na choo ambacho hata inzi walikiingia wakitafakari. Kulikuwa na mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekohoa ndani ya kikombe na kukiweka karibu na uji wangu. Nilikatazwa kusimama, kwa hiyo nilitumia beseni, na aliyelishika na kulimwaga alikuwa Mkamburi. Aliniogesha kwa kitambaa. Aliniinua titi akanipaka dawa ya choa, bila kugeuza uso na bila kuwa mpole. Siku ya pili nikamuuliza.

"Mkamburi, kwani kweli ulikuwa na hasira na mimi?"

"Nilikuwa nayo. Hata sasa ninayo."

"Na vile ulitasa?"

"Nilitema juisi." Alikuwa anakamua kitambaa, hakuniangalia. "Hasira nilibaki nayo. Ningetoa yote, nani angehesabu tembe zako?"

Nililia hapo, na kamasi zikanitoka, na hakukuwa na tembe ya kuzizuia. Akanipa kile kitambaa alichotoka kunipangusia makwapa. Nikakitumia.

Niliruhusiwa kutoka, na baadaye nikatumwa Mombasa kwa daktari wa moyo, ambaye aliuchungulia kwenye kioo chake na kusema hauna kasoro. Sasa anayefungua marobota ni jirani yangu wa kibanda, kwa makubaliano yetu. Mimi nafunika pua na mdomo, nasafisha pua kwa maji ya chumvi, na ninayo tembe moja tu ya mzio, aliyoniandikia daktari akijua kila kitu kingine ninachomeza. Naiheshimu kama ninavyoheshimu sumu ya panya. Wewe nawe usikurupuke kutupa dawa zako kwa sababu ya hadithi yangu. Zikusanye zote kwenye mfuko mmoja, za chafya, za choa, za mgongo, hata ile mizizi unayochemsha, umpelekee daktari azione kwa macho yake. Ukianguka, au moyo ukianza kukurupuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Akikuuliza unatumia dawa gani, usimpe jibu langu.

Nilikwenda kwa mama wa wigi. Alikuwa na wigi mpya, ya kahawia.

"Pole sana, mrembo," akasema. "Lakini hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Akatabasamu, akamhudumia mteja wa nyuma yangu. Nilisimama nikamwona akijaza kibahasha bila kuuliza hata neno moja, nikatoka nje nikatema mate mtaroni. Kisha nikarudi ndani nikamwambia yule mteja ataje kila kitu anachomeza, hapo hapo, mbele yangu. Walinifukuza wote wawili.

Hata hilo halikuwa baya kama Mbololo. Nilidhani yameisha. Mwadime alipanda akawaeleza wazee kama anavyoeleza darasani, tembe hizi na tembe zile, nao wakatikisa vichwa kwa heshima. Alipomaliza, Shangazi akasema, "Sawa, mwalimu. Tembe ni tembe. Lakini ni nani alizituma zimdhuru?" Na sababu ya kupona kwangu, kwao, ilikuwa dhahiri: kule kutasa kwa pili ndiko kulikotoa hasira ya mwisho. Nilikuwa nimepona kwa juisi ya Mkamburi, na nilikuwa nimeugua kwa moyo wa Mkamburi. Maziwa yake yakaendelea kumwagwa kwa kukosa mnunuzi. Wazee hawakufuta neno lao, na nilipopigiwa simu kwamba wanakutana kupanga siku ya yeye kuhama, nilishikwa na hasira ambayo, kama wanayoyaamini ni ya kweli, ingeua kijiji kizima.

Maneno ya daktari hayakuwaingia. Basi nikaamua kuwaeleza kwa kitu kinachowaingia.

Vuli ilikuwa imeanza tena. Nilipanda siku ya kikao, sikusimama getini, nikaenda moja kwa moja nikamsalimu dada yangu kwa mkono. Pua ikaanza kuvuja, nikaiacha ivuje. Nikaomba juisi ya miwa. Shangazi akasema mgonjwa hatasi, anayetasa ni mwenye hasira. Nikamwambia mwenye hasira ndiye mimi, anipe kikombe.

Nilimkalisha Mkamburi kwenye kigoda mbele yao wote. Nikajaza mdomo. Utamu ule na uvuguvugu vilinichefua mpaka nikakaribia kutapika, na nikajua nitamfanyia dada yangu kitu kichafu kuliko vyote nilivyofanyiwa. Nikapuliza. Alifumba macho, ikamtiririka shingoni. Nikasema kwa Kidawida, pole pole, asije mtu akasema hakusikia, kwamba kilichoniangusha nilikinunua mwenyewe sokoni Voi nikakimeza mwenyewe, kwamba moyo wa Mkamburi haukunigusa, kwamba hasira yake ndiyo iliyohesabu tembe zangu na kunirudishia uhai, na kwamba anayetaka kumtoa kwenye boma hili ajue kwamba hasira yangu juu yake sitaitasa mpaka nife.

Mzee mkubwa akakohoa. Akatazama wenzake, wakatazama chini. Akasema maneno yametoka na yamesikika, na boma libaki kama lilivyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Mkamburi akajipangusa kwa kiganja. Akawatazama akina mama wa kanisa, mmoja baada ya mwingine, na Shangazi mwisho.

"Na nyinyi mlionisema," akauliza, "nani atanitasia?"

Mtu mmoja akasema chakula kinapoa. Mkamburi akaingia jikoni, akatoka na sufuria, akawapakulia wote kimanga na nyama ya mbuzi aliyemchinja mwenyewe kwa ajili ya kikao cha kumfukuza. Walikula. Hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko kamasi, kuliko choa, kuliko choo cha wodini. Walikula wakalamba vidole, wakaomba waongezwe, na yeye akawaongeza. Kipande kinono kuliko vyote alimpa Shangazi. Mimi nisingempa hata mchuzi.